Chini ya Mwembe

Karakana ya ami yangu iko Mwanakwerekwe, si mbali na soko. Mafundi saba, mmoja wao bado anajifunza, wanatengeneza vitanda, makabati na milango. Ndani hakuna anayethubutu kuwasha kiberiti, kwa sababu ya maranda na vanishi. Anayetaka kuvuta hutoka nyuma, chini ya mwembe. Watano walikuwa wakivuta. Wa sita ni ami mwenyewe, na nilipokuwa mdogo mimi ndiye niliyetumwa dukani kumnunulia sigara, moja moja.

Mwaka jana nilimpelekea mpango. Nasoma shahada ya uzamili ya afya ya jamii, na ada ananilipia yeye. Mkataba wa Shirika la Afya Duniani wa Kudhibiti Tumbaku, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 2007, unataja mahali pa kazi katika kifungu cha 14, pamoja na vituo vya elimu na vya afya, kuwa pa kuwasaidia watu kuacha. Nikachapisha picha za mapafu, nikaomba nusu saa kabla ya Adhuhuri.

Mafundi walinisikiliza kwa adabu, kama anavyosikilizwa mtoto wa mwenye karakana. Nilipomaliza ami akasema, "Ahsante, mwanangu." Kisha wote sita wakatoka kwenda chini ya mwembe.

Yule kijana anayejifunza alirudi kwenye msasa wake. Nikamuuliza mbona hapumziki.

"Nipumzike kwa lipi, dada? Mimi sivuti."

Wiki iliyofuata nilimkuta chini ya mwembe, sigara mkononi, ameishika kama mtu anayeogopa kuungua. "Huku kuna upepo," akaniambia.

Nilikuwa nimekwenda kupambana na moshi, kumbe pale sigara ndiyo iliyokuwa ruhusa ya kutoka nje. Asiyevuta hakuwa nayo.

Nikarudi kwa ami bila picha. Nilimwomba awape watu wote dakika kumi na kikombe cha chai saa nne asubuhi, na dakika kumi nyingine saa tisa, anayevuta na asiyevuta. Na tuanze kabla ya Ramadhani.

"Dakika ishirini, watu saba," alisema. "Piga hesabu. Hiyo ndiyo ada yako."

Sikuwa na jibu. Siku ya tatu nilipofika, nilikuta birika jipya juu ya meza ya randa.

Ramadhani ilitusaidia mchana. Arosto hufika kileleni siku mbili tatu za mwanzo, na kila hamu ikija hupita baada ya dakika chache. Mafundi walilijua hilo kwa miili yao kuliko mimi kwa vitabu. Kazi ilikuwa usiku. Ami hufuturu kwa tende moja, maji, halafu sigara. Jojo za nikotini zimo kwenye orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani tangu 2009, lakini nilizunguka famasi nne nisizipate. Tukabaki na karafuu za kutafuna na kupigiana simu baada ya Tarawehe, kila mmoja akitaja siku zake.

Idi ilipofika, wawili kati ya watano walikuwa hawavuti hata usiku. Mmoja alirudi kwenye sigara sikukuu ilipokwisha. Kijana aliacha bila taabu, maana chai ilimpa alichokuwa akikifuata kule nyuma.

Ami hakuacha. Anakohoa zaidi kuliko mwaka jana. Saa nne hunywa chai na wenzake, kisha huenda chini ya mwembe, siku nyingine peke yake.

Juzi alinyoosha mkono wenye sarafu, kama zamani. "Nikimbilie dukani."

"Ami, niwie radhi. Siendi."

Karakana ilinyamaza. Sijawahi kumkatalia kitu. Alinitazama kwa muda, akazitia sarafu mfukoni, akatoka mwenyewe. Nikachukua kisosi, nikaifunika chai yake isipoe.