Je, Sokwe Alirudi Nyumbani?

Hadithi za wanyama si ngeni kwa mtoto wa pwani. Kabla hajajua kusoma, amekwisha kumsikia bibi akisimulia ujanja wa Sungura na ulafi wa Fisi. Hata hivyo, kitabu kimoja cha picha kilichofika katika madrasa ya msikiti wetu hapa Ngamiani, Tanga, kimezua mjadala. Ndani yake wanyama wanapanda roketi kwenda angani: nyani wanagombea dirisha, na tembo amekwama mlangoni. Watoto wanacheka hadi machozi. Mzazi mmoja aliniletea mimi, katibu wa kamati, ombi kwamba kiondolewe, kwa kuwa kinawazoesha watoto uongo.

Nimelipima ombi hilo kwa heshima, kwani hofu ya mzazi haidharauliwi. Lakini nilikumbuka riwaya tuliyoisoma chuoni, iliyopokewa na Abu Daud. Miongoni mwa wanasesere wa Bi Aisha (r.a.) alikuwamo farasi mwenye mbawa mbili za kitambaa. Mtume (s.a.w.) alimuuliza iweje farasi awe na mbawa, naye akajibu kwa kuwataja farasi wa Nabii Sulayman (a.s.). Mtume (s.a.w.) akacheka hadi magego yake yakaonekana. Hakumkaripia.

Kuna jambo jingine. Binti yangu wa miaka saba, baada ya kucheka, aliniuliza: "Baba, kweli wanyama walikwenda angani? Walirudi nyumbani?"

Nilimjibu ukweli. Tarehe 3 Novemba 1957, Umoja wa Kisovieti ulimrusha mbwa aitwaye Laika katika chombo kisichokuwa na njia ya kumrudisha duniani; alikufa saa chache baadaye kwa joto. Tarehe 31 Januari 1961, Wamarekani walimrusha sokwe aitwaye Ham, aliyekamatwa Kameruni, katika bara letu hili. Safari yake ilichukua dakika kama 16, akatua baharini akiwa hai. Aliishi hadi mwaka 1983, lakini msitu wa kwao hakuuona tena.

Binti yangu alinyamaza kidogo, kisha akasema: "Basi hakurudi nyumbani."

Ndugu msomaji, Qur'ani inatufunza kwamba wanyama ni umma mfano wetu, na Mtume (s.a.w.) ametuonya kwa habari ya mwanamke aliyeadhibiwa kwa sababu ya paka aliyemfungia hadi akafa. Mafunzo hayo nimeyasomesha mara nyingi, lakini sikumbuki siku mtoto alipoyapokea kwa huzuni ya namna ile. Mlango ulifunguliwa na kitabu cha kuchekesha.

Kamati itakapokutana, nitashauri kitabu kibaki, kwa sharti kwamba mtu mzima akae na watoto wanapokisoma, awe tayari kwa maswali yao. Yule mzazi aliyeleta ombi nimemwomba awe wa kwanza kuwasomea. Ameniambia atafikiri.

Wallahu a'alam.