Mama wa Mtoto Mwenye Kifafa Hana Hatia

Huku kwetu Hanang, kifafa hupewa sababu kabla daktari hajaulizwa: jini, kijicho, au ukoo wa mama. Mtoto wa kaka yangu alipatwa na degedege la kwanza akiwa na miezi sita, siku ya homa. Likawa linamrudia kwa joto, hata kwa maji ya moto ya kuogea, na dawa mbili hazikulizuia. Jamaa wakaketi kikao, wakamtaka kaka amwache mkewe, kwa madai kwamba kwao kuna kifafa. Nilimsihi asubiri tusikie kwanza neno la wataalamu.

Wilaya jirani ya Mbulu ina Hospitali ya Haydom, iliyofunguliwa mwaka 1955, nako maradhi haya yamechunguzwa kwa miaka mingi. Ilibainika kuwa baadhi ya wagonjwa wana mabuu ya tegu wa nguruwe ndani ya ubongo. Asiyekula nguruwe asijione salama: mayai ya tegu hutoka katika kinyesi cha binadamu mwenye mnyoo huo, kisha huingia katika maji na mboga za watu wote. Choo bora na kunawa mikono ni kinga yetu sote.

Hata hivyo, kwa mtoto aliyeanza angali mchanga, daktari alitueleza sababu nyingine, iliyo adimu: hitilafu ya jeni. Mwaka 1978 tabibu wa Ufaransa, Charlotte Dravet, alikieleza kifafa cha namna hii. Mwaka 2001 watafiti wakaitambua jeni inayohusika, SCN1A. Ikiharibika, seli zinazotuliza ubongo hushindwa kazi yake. Na kwa wengi wa watoto hao hitilafu ni mpya, haikutoka kwa baba wala kwa mama. Neno hilo lilikimaliza kikao.

Kuijua sababu kuna faida ya tiba pia. Kabamazepini, inayowafaa wagonjwa wengi, huweza kumzidishia degedege mtoto wa aina hii. Na kipo kifafa kingine cha jeni kinachotulizwa kwa vitamini B6. Basi, ndugu msomaji, dawa mbili zikishindwa, rudi hospitali ukaulize upya. Lirekodi degedege kwa simu daktari alione, wala usikatishe dawa ghafla bila ushauri wake.

Bukhari na Muslim wamepokea kisa cha mwanamke mwenye kifafa aliyemwendea Mtume (s.a.w.) kuomba dua. Alipewa hiari: subira yenye malipo ya Pepo, au kuombewa afya. Alichagua subira, akaomba tu asifunuke mwili anapoanguka, naye akaombewa stara hiyo. Katika kisa chote hakuna lawama. Wifi yangu naye anastahili stara: asivuliwe heshima yake kwa maradhi ambayo hakuyachagua.