SAUTI YAKE INAJULIKANA JIJI ZIMA, LAKINI AMELIPWA MARA MOJA TU!

Kama unaishi Mwanza, huyu dada unamjua. Sura yake hujawahi kuiona, ila sauti yake umeshaisikia ukiwa umebanwa kwenye daladala ya Igoma, umeisikia Makoroboi ukitafuta viatu, na kama una ndugu Sengerema basi naye ameisikia siku ya mnada. Ndiyo ile sauti ya ofa inayotoka kwenye gari la matangazo. Tamu, haina haraka, mpaka mtu asiye na shida ya godoro anajikuta anauliza bei.

Jina lake libaki kapuni.

Alianza kama utani. Kamaliza kidato cha nne, matokeo hayakukaa vizuri, akawa anashika maiki kwenye kitchen party za mtaani kwao Mkuyuni. Prodyuza mmoja akamsikia, akamwita studio asome tangazo la duka la magodoro. Dakika 40 kazi imeisha. Akapewa elfu 30 na soda. Hakuna karatasi, hakuna maswali. Hiyo ni 2022, na siku ile elfu 30 ilikuwa hela kweli: umeme ukanunuliwa, nyumbani wakala sato.

Sasa shika hapa. Lile tangazo halijawahi kuzimwa. Duka likafungua tawi Geita, sauti ikaenda Geita. Likafungua lingine Shinyanga, sauti ikaenda. Halafu kuna mtu akakata kipande cha mwisho, pale anapocheka na kusema "usiseme hukuambiwa", akakibandika kwenye tangazo la dawa ya nguvu za kiume! Wa kwanza kulisikia alikuwa mama yake mzazi, stendi ya Nyegezi, akiwa na wenzake wa kwaya. Mama hakumwuliza kalipwa shilingi ngapi. Alimwuliza, "Mwanangu, siku hizi ndiyo unauza hizo?"

Dada akaenda kumwona bosi wa magodoro. Alienda kistaarabu kabisa.

"Shikamoo bosi. Nimekuja kuhusu lile tangazo langu."

"Marahaba mdogo wangu. Tangazo lako? Si tulishakulipa?"

Akamweleza. Bosi akamsikiliza vizuri tu, hakuwa mtu mbaya, kisha akauliza swali moja: "Fundi akikujengea ukuta, unamlipa kila mwezi?"

Dada alikosa jibu, akaaga.

Kusema kweli swali la bosi siyo la kijinga, na watu wengi mjini wanafikiri hivyo hivyo. Lakini ukuta ukijengwa Mkuyuni unabaki Mkuyuni. Haupandi gari kwenda Geita, wala hakuna mtu wa kuukata kipande akauzie dawa. Na hata lile gari la matangazo, hebu lipigie hesabu. Gari linakodiwa kwa siku. Mafuta yanalipwa kila linapotoka. Dereva analipwa, spika zinalipwa, jenereta linalipwa. Kitu pekee ndani ya gari lile kilicholipwa mara moja tangu 2022 ni sauti, na ndiyo hiyo inayoita wateja.

Na mtu wa Mwanza hahitaji kwenda Ulaya kujifunza hili. Shuka pale Mwaloni Kirumba alfajiri. Mwenye mtumbwi na nyavu hapewi chake siku ya kwanza halafu basi. Kila chombo kinapoingia ziwani kikarudi na samaki, linatolewa fungu la chombo na mafungu ya wavuvi. Siku ikiwa mbaya, wote wanaumia. Siku ikiwa nzuri, wote wanakula. Hakuna anayeuliza, "Si nilishakulipa ule mtumbwi?" Sauti ni chombo. Kila siku inaingizwa kazini, ila mwenyewe hayumo kwenye mgao.

Na hayuko peke yake. Zile spika ndogo za machinga zinazoimba dawa ya panya, mende na kunguni kutwa nzima bila kumeza mate, unadhani kila machinga kajirekodi? Mtu mmoja alirekodi, wengine wakahamishiana kwa memori kadi. Machinga anatafuta ugali wake, na huwezi kumbebesha msala wote. Ila mwenye sauti naye ana tumbo.

Sheria ipo. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ni ya mwaka 1999, COSOTA ipo kwa ajili hiyo, na haimwangalii mtunzi pekee, inamtambua na msanii anayeitekeleza kazi. Mwaka 2016 Mahakama ya Wilaya ya Ilala iliamuru kampuni ya simu iwalipe wasanii wawili wa hip hop zaidi ya shilingi bilioni 2, kisa nyimbo zao kutumika kama miito ya simu bila ridhaa yao. Kampuni haikukubali, kesi ikapanda ngazi za rufaa. Zile zilikuwa nyimbo za mastaa wenye mawakili, ndiyo. Lakini kila mtu alielewa kwamba kazi ya mtu ikikuingizia hela, ulipaswa kumwuliza kwanza.

Huko mbele nako wamelizwa. Mmarekani Susan Bennett alirekodi maelfu ya sentensi Julai 2005, akalipwa saa zake za studio. Mwaka 2011 Siri ikatoka kwenye iPhone, na kumbe ni yeye! Apple hawakumlipa kwa hilo. Mkanada Bev Standing alisikia sauti yake ikisoma maneno ya watu TikTok, mengine ya aibu, akafungua kesi Mei 2021. Mwaka huo huo wakamalizana na sauti ikabadilishwa. Na hizo ni sauti zilizorekodiwa kweli. Sasa hivi akili mnemba inachukua sekunde chache za sauti yako na kuifanya iseme chochote, hata ambacho hujawahi kukisema.

Kwa hiyo huyu dada kabadilika. Kabla ya kuingia studio anatuma ujumbe WhatsApp, mistari mitano tu: tangazo litatumika wapi, kwa muda gani, gari au redio au mtandao, hakuna kukata wala kuhamishia biashara nyingine, hakuna kuingiza kwenye akili mnemba. Mteja akijibu "sawa", anaihifadhi. Tangu Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015, ujumbe wa simu siyo wa kudharau mbele ya hakimu.

Matokeo? Wateja wawili wamemkimbia. Mmoja wa Buzuruga kakubali miezi sita, ikiisha analipa tena. Wale wawili wamekwenda kwa dogo mmoja wa Nyakato anayesoma tangazo kwa elfu 10, hana ujumbe wala masharti, na ana sauti nzuri kuliko umri wake.

Dogo bado anaona amepata mchongo. Tangazo lake la kwanza limeanza kuzunguka wiki hii.

Wadau, nani amwambie?