Tibu ya umeme: ndani ya ukuta ao juu ya ukuta?

Ndugu wasikilizaji, na ninyi jamaa wahami mliopanga huko Ruashi, Katuba na Annexe, tangu mvua zianze swali linalonifikia kuliko yote ni la umeme: namna gani kuupitisha ndani ya nyumba bila kuichoma nyumba yenyewe?

Juzi nilikuwa Ruashi, kwa mama mmoja aliyekimbia Mitwaba na watoto wake. Wanapanga vyumba viwili katika nyumba ambayo haijamalizika: matofali wazi, bati juu, hakuna dari. Umeme wao unatoka kwa jirani, kwa waya mwembamba wa nyuzi mbili, ule wa taa ya mezani. Unapita dirishani, unapanda kwenye mbao, unalala moja kwa moja chini ya bati, umeshikwa na misumari iliyokunjwa. Pale unapogusa ukingo wa bati, ngozi yake imeanza kulika. Chini yake ndipo kitanda cha watoto. “Mwanangu,” aliniambia, “taa inawaka, tunashukuru Mungu.” Lakini siku ile shaba itakapogusa bati, nyumba nzima inaweza kushika umeme.

Dawa ya kwanza ni tibu, yaani bomba la plastiki ambamo nyaya hulala. Madukani utaona za aina mbili: ile laini yenye mapete, mara nyingi ya rangi ya machungwa, na ile ngumu iliyonyooka, nyeupe ao ya kijivu. Rangi si urembo. Kwa kanuni za Ufaransa, ya machungwa ni ile ambayo moto unaweza kukimbia juu yake; mahali pake ni ndani ya ukuta ao zege, imefunikwa kabisa. Kwenye mbao za paa haifai. Ya kijivu ndiyo isiyoendeleza moto. Ila vitu vinavyoingia kwa malori ya Kasumbalesa vinatoka pembe zote za dunia, kwa hiyo siiamini rangi peke yake. Namwomba muuzaji kipande cha urefu wa kidole, nakiwasha nje kwa kiberiti. Nikiondoa kiberiti na moto ukazima wenyewe, nanunua. Ukiendelea kuwaka na kudondosha matone, abaki na tibu yake. Wako wauzaji wanaokasirika, wakasirike.

Upana nao una sheria: nyaya zisijaze zaidi ya theluthi moja ya nafasi ya ndani. Waya hupata joto, na tibu iliyoshiba haivutiki. Kwa taa, nyaya za milimeta mraba 1,5 katika tibu ya milimeta 16 zinatosha. Kwa priza, nyaya tatu za 2,5 katika tibu ya 20, ule wa kijani na njano wa ardhi ukiwamo. Fundi akitaka kuuacha huo ili bei ishuke, msikubali. Na maungio yafanywe ndani ya kisanduku tu, kamwe si katikati ya tibu, ambapo hakuna jicho litakaloyaona yakiungua.

Mwenye lupango yake achimbe mfereji wima ao mlalo, asikate mshazari, ili kesho anayepiga msumari ajue waya unapita wapi. Kona ziwe pana. Midomo ya tibu izibwe kwa karatasi kabla ya kupiga lipu, la sivyo mchanga utaingia na waya hautapita tena. Piga picha ya ukuta kwa simu kabla haujafunikwa.

Kwa yule mama, fundi alitaka kuvunja ukuta. Nilipinga. Ukuta si wake, na hajui atakaa pale mpaka lini. Tibu ngumu juu ya ukuta, ikishikwa na vishikio kila sentimeta 50, inafanya kazi ile ile, na siku ya kuhama unafungua skurubu, unabeba tibu, nyaya na priza. Kilichozikwa ndani ya ukuta kinabaki kwa mwenye nyumba. Huyo, tulipomwita, alisema hatalipa hata kishikio kimoja, ila hakukataza. Naona si haki: nyumba ikiungua ni yake pia.

Tangu 1982 laini ya Inga–Kolwezi inaleta umeme karibu kilometa 1.700 mpaka kwenye migodi yetu, na watoto wa Ruashi wanalala chini ya waya wa taa ya mezani. Tuliache hilo.

Tibu peke yake hailindi kila kitu. Umeme ukirudi baada ya delestaji unaweza kurudi na nguvu nyingi, na tibu haizuii hilo. Chomoa vyombo vyako. Pale umeme unapotoka kwa jirani pawe na dizhonkta: ampere 10 kwa taa, 16 kwa priza. Izimwe kabla mtu hajapanda ngazi, na mmoja asimame karibu nayo mpaka aliye juu ashuke.