Nilinunua Korosho Zikiwa Maua

Mimi nilikuwa mtu wa kangomba. Aliyezaliwa Kusini mwa Tanzania hana haja ya kuelezwa neno hilo. Kwa msomaji wa mbali niseme tu kwamba ni kununua korosho ya mkulima nje ya utaratibu, kwa bakuli badala ya mizani, mara nyingi miezi kadhaa kabla haijadondoka, mkorosho ukiwa bado una maua. Mkulima ana shida leo na wewe una fedha leo. Msimu ukifika, gunia ni lako kwa bei ya siku ile ya shida. Kazi hiyo niliifanya miaka sita kwa pikipiki, katika vijiji vya Nachingwea na kuvuka hadi Ruangwa, ambako nilizaliwa wakati Ruangwa yenyewe ikiwa bado sehemu ya Wilaya ya Nachingwea, kabla haijawa wilaya mwaka 1995.

Nilikuwa na kalenda yangu. Juni na Julai mikorosho inatoa maua na ubwiri unga unaingia. Asiyepuliza salfa hana cha kuokota. Hapo nilipiga hodi. Kukiwa na mtoto wa kutoa jandoni au mwali wa kutoa ndani, nilipiga hodi. Mtoto akichaguliwa kwenda sekondari na sare hana, nilipiga hodi. Nilijua nyumba yenye mgonjwa kabla jirani hajajua. Nilifika magharibi, wanaume wakiwa msikitini na wanawake jikoni, kwa sababu anayeuza maua hapendi kuonekana. Karibu wote waliniambia neno moja: "Kaka, naomba hili libaki kwetu." Nami nikalifanya libaki kwetu. Nilijiona mwema kwa kutunza siri za watu.

Mwaka 2017 mbaazi zilikosa soko baada ya India kuzuia uingizaji, na watu wengi wa kwetu waliokuwa wakizitegemea kuvuka hadi msimu wa korosho wakakwama. Kwangu mimi ulikuwa mwaka mzuri. Naandika hivyo kwa aibu, lakini ndivyo ilivyokuwa.

Mwaka uliofuata ukanilipa. Oktoba 2018 wakulima waligomea bei ya minada, na tarehe 12 Novemba Rais Magufuli akatangaza kwamba Serikali itanunua korosho zote kwa shilingi 3,300 kwa kilo, na jeshi ndilo litakalozisomba. Nilishangilia, maana nilikuwa na zaidi ya tani mbili ndani. Kisha likaja neno la uhakiki: mwenye zaidi ya kilo 1,500 aoneshe shamba lake. Mimi sikuwa na mkorosho hata mmoja. Nilijaribu kuzigawa kwa majina ya watu. Wengine walikataa. Wengine walikubali, fedha zikaingia benki kwenye akaunti zao, zikakaa hukohuko. Ningemshitaki nani? Pikipiki ikaenda kulipa deni la tajiri aliyenipa mtaji, na deni halikuisha.

Nyumbani tulikula kwa mkono wa mke wangu. Alikuwa mwanachama wa kikundi cha akiba kijijini, kile ambacho mimi nilikiita mchezo wa kina mama. Julai 2019 alijifungua, na siku ya kikao ikafika. Kwao, asiyehudhuria bila udhuru hutozwa faini. Akanipa kitabu chake na noti zilizokunjwa, akanituma. Sikuwa na pa kukimbilia. Nikaenda nikakaa pembeni ya benchi, chini ya mwembe, Alhamisi saa tisa alasiri.

Niliona sanduku la chuma lenye kufuli tatu, na wanawake watatu wenye funguo wakitokea pande tatu tofauti za kijiji. Mwenyekiti aliuliza: "Alhamisi iliyopita tulifunga sanduku na shilingi ngapi?" Kina mama wasiosoma wala kuandika wakajibu kwa sauti moja, hadi mia ya mwisho. Zikahesabiwa mbele ya wote, zikawa sawa. Kisha hisa: shilingi 1,000 kila moja, mtu ananunua kuanzia moja hadi tano, na kila hisa inagongewa muhuri kitabuni. Shilingi 500 zinakwenda mfuko wa jamii, ndani ya mfuko wa kitambaa wa rangi nyingine. Mkopo hauzidi mara tatu ya hisa zako. Baadaye nilikuja kujua kwamba utaratibu huu ulianza Maradi, Niger, mwaka 1991, na wanawake waliosaidiwa na shirika la CARE, na kwamba huku Lindi na Mtwara Aga Khan Foundation ni miongoni mwa walioueneza. Siku ile niliona tu fedha kidogo. Nilikuwa nimewahi kushika nyingi kuliko hizo kwa usiku mmoja.

Mwenyekiti akasema, "Sasa matangazo."

Nilidhani kikao kimekwisha. Kumbe ndiyo kwanza watu wanakaa vizuri. Mmoja akatangaza kliniki ya watoto Jumatatu. Mwingine akasema paa la mzee fulani limetoboka, wanaotaka kwenda kuezeka wakutane Jumapili asubuhi, kila mtu na makuti yake. Wa tatu alisimama mama ninayemfahamu. Misimu miwili nyuma nilichukua kwake magunia manne kwa fedha ambayo mnadani isingenunua hata gunia moja. Hakuniangalia. Alisema:

"Jamani, mwanangu amelazwa hospitali ya wilaya. Salfa sijanunua. Jana magharibi amekuja mtu anataka maua."

Hakuna aliyeshtuka. Mwenyekiti aliuliza, "Unahitaji ngapi, dada?" Akasema elfu sitini. Mfuko wa jamii ukatoa elfu arobaini bila riba, elfu ishirini zikawa mkopo wa kawaida. Vijana wawili wakasema watampulizia shamba, yeye abaki na mtoto. Katibu akaandika. Haikuchukua dakika kumi. "Tangazo lingine?"

Nilikaa kwenye lile benchi nikaanza kuhesabu nyumba nilizoziingia magharibi kwa miaka sita. Nilizipitia moja moja kichwani, Nachingwea hadi Ruangwa. Sikupata hata moja ambayo ningeingia endapo shida yake ingekuwa imetajwa hadharani Alhamisi moja tu kabla yangu. Siku zote niliamini mtaji wangu ni fedha ya yule tajiri. Mtaji wangu ulikuwa ile siri. Watu wale walikuwa na shida ya shilingi elfu sitini, na waliokuwa na uwezo wa kuitatua waliishi hatua mia mbili kutoka mlangoni kwao, lakini hawakuambiwa.

Niliporudi nyumbani nilimwambia mke wangu nataka kujiunga. Alicheka, kisha akanyamaza alipoona sicheki. Kikundi kilinikataa. "Shemeji, tunakufahamu," mwenyekiti aliniambia, tena kwa upole. "Subiri tugawane kwanza, mzunguko mpya ukianza tutakuzungumzia." Nikasubiri. Wakati nasubiri nilikwenda kuezeka, nilibeba maji ya kukandikia darasa la awali, nilipalilia shamba la mgonjwa. Hakuna aliyenisifu, na nashukuru kwa hilo, maana sifa zingeniharibu. Mwaka 2020 wakanipokea, na mzunguko wa pili wakanipa ukatibu kwa kuwa najua hesabu. Hesabu zilezile.

Sasa ni mimi ninayesoma matangazo. Mengi ni ya kawaida: tarehe ya mnada wa RUNALI, chama kikuu cha ushirika cha Ruangwa, Nachingwea na Liwale, nani hajahakiki taarifa zake kwenye daftari la wakulima ili apate pembejeo za ruzuku, msiba uko wapi na mkeka unatoka kwa nani. Afisa maendeleo ya jamii huja kueleza habari za ile mikopo itokanayo na asilimia 10 ya mapato ya halmashauri, iliyositishwa Aprili 2023 na kurejeshwa 2024, na masharti ya usajili, kwa kuwa Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 inatutambua sisi pia, daraja la nne. Timu ya soka ya Namungo ikicheza nyumbani Ruangwa siku ya kikao, vijana huomba tuanze mapema, nasi huanza mapema.

Sisemi kikundi hakina dosari. Kuna mume aliyekopa kwa jina la mkewe, akakimbia. Msimu mmoja tulibishana hadi usiku juu ya faini. Lakini Nachingwea imeona mambo makubwa kutoka mbali. Wazee wanasimulia mpango wa karanga wa Waingereza, ulioanza mwaka 1947 kwa matrekta na kufa mwaka 1951, na reli iliyojengwa kutoka bandari ya Mtwara kwa ajili yake, ambayo nayo iling'olewa. Sanduku letu hubebwa na mtu mmoja kichwani, na lipo.

Kangomba bado ipo pia. Kila Julai naziona pikipiki magharibi, na dereva wake mara nyingine ni kijana niliyemfundisha mimi. Wengine wanasema wakamatwe. Wakamatwe, sawa. Lakini nimekuwa upande ule, na najua kilichonizuia mimi hakikuwa askari.

Ninalo daftari la zamani, la enzi za pikipiki. Nilitoa humo majina kumi na moja ya watu ambao tofauti kati ya nilichowapa na bei ya mnada ya msimu ule ilinikosesha usingizi. Nawalipa kidogo kidogo, kila nikipata mgao mwisho wa mzunguko. Yule mama wa magunia manne nilimlipa wa kwanza, mbele ya kikundi, wakati wa matangazo. Alizihesabu mara mbili, akasema zimetimia, akanunua hisa tano.

Wamebaki wanne. Wawili nasikia walihamia Ruangwa mjini, mmoja yuko upande wa Liwale, wa nne sijui. Kama wewe ni mmoja wao, au unamjua mtu aliyeniuzia maua na kuniomba libaki kwetu, nakuomba uje kwenye kikao chetu. Tunakaa chini ya mwembe, Alhamisi, saa tisa alasiri. Jina lako nimeliandika, na fedha yako naiweka.