Nafasi mia mbili: kikomo cha watu katika michezo ya vita, na hesabu ya askari Beni

BUTEMBO – Swali hili limeulizwa Beni na Butembo kwa zaidi ya miaka kumi, kwenye maandamano, kwenye vipindi vya redio, kwenye foleni ya maji: Monusco ilikuwa na askari karibu elfu ishirini, sasa walikuwa wanafanya nini? Mara nyingi anayeuliza hatafuti jibu. Ana hasira, na hasira hiyo ina sababu zake. Lakini swali lenyewe ni la hesabu, na kuna vijana mjini Butembo ambao wanaifahamu hesabu hiyo kuliko wanavyodhani. Ni wale wanaocheza michezo ya vita kwenye kompyuta.

Si mpira wa PlayStation. Huo kila mtu anaucheza. Hapa ni ile michezo ya mkakati isiyo na zamu, ambamo wewe unajenga na adui naye anajenga saa ileile, hakuna anayemngoja mwenzake. Age of Empires II ilitoka mwaka wa 1999, na mpaka leo inakubali kufanya kazi hata kwenye mashine nzee iliyopita mikononi mwa watu watatu kabla ya kufika sokoni. Unaanza na walimaji watatu na mpanda farasi mmoja. Walimaji unawatuma kutafuta chakula, kukata miti, kuchimba dhahabu na mawe. Unajenga nyumba, na kila nyumba inabeba watu 5. Kisha unajenga kambi na kuanza kutoa askari.

Halafu siku moja unagonga ukuta. Mchezo unakuambia: watu 200, basi. Hata ghala zikijaa chakula, hata dhahabu ikiwa mlima, hautoi hata mtu mmoja zaidi mpaka mwingine afe.

Zamani kikomo hicho kilitokana na udhaifu wa mashine. Age of Empires ya kwanza, ya mwaka wa 1997, kwa kawaida iliishia kwenye watu 50, maana kila mtu aliye kwenye ramani ni lazima kompyuta imtafutie njia ya kupita, amzungushe mti, amvushe daraja, na mashine za wakati ule zilichoka upesi. Leo mashine zimepata nguvu na toleo la mwaka wa 2019 linaruhusu hadi watu 500, lakini wachezaji wazuri bado wanapigana kwa 200. Walishagundua kwamba bila kikomo mchezo unakosa akili: mwenye mali nyingi anamwaga watu tu.

Jambo ambalo mgeni wa mchezo huu halioni mara moja ni kwamba katika zile nafasi 200 mlimaji anahesabiwa sawa na askari. Mvuvi pia, na mchuuzi na mkokoteni wake, na padri anayeponya wagonjwa. Ukiwa na walimaji 120 umebaki na askari 80. Ukitaka askari 150, walimaji ni 50, na hao hawataweza kulilisha jeshi hilo muda mrefu. Askari wakifa, hutakuwa na chakula cha kuwarudisha. Kwa hiyo kabla ya kuchagua kati ya mkuki na upinde, mchezaji ameshachagua jambo kubwa zaidi: ni watu wangapi watakaokaa shambani.

Kikomo kinabadilisha pia aina ya askari. Mwanzoni, nafasi zikiwa wazi, kinachokusumbua ni mali. Unatoa askari wa bei ndogo, wengi, haraka. Ukifika 200 hesabu inageuka, sasa kinachokusumbua ni nafasi. Mwenye mkuki anachukua nafasi moja na tembo wa vita anachukua nafasi moja, ingawa tembo anakula chakula na dhahabu nyingi sana. Basi kila mwenye mali anakimbilia tembo na wapanda farasi wazito. Watengenezaji wengine waliona tatizo hilo wakapanga vingine. Katika StarCraft ya mwaka wa 1998 kikomo ni 200 pia, lakini kile kidudu kidogo cha kuuma kinachukua nusu ya nafasi, askari wa bunduki anachukua moja, na meli kubwa ya angani inachukua 6. Katika Warcraft III, kwenye toleo la 2003, kikomo ni 100 na kuna adhabu njiani: jeshi likivuka 50 unakatwa asilimia 30 ya dhahabu unayochimba, likivuka 80 unakatwa asilimia 60. Mwenye jeshi kubwa lililokaa bure anafilisika polepole.

Kijana mmoja wa Bulengera, mwenye miaka 19, anajulikana na wenzake kwa kosa moja. Mchezo ukielekea mwisho, watu wakiwa 200 na dhahabu tayari imelundikwa, wachezaji wakali wanafanya jambo la haraka: wanachagua walimaji thelathini au arobaini, wanabonyeza kitufe cha kufuta, walimaji wanaanguka, na nafasi zao zinajazwa wapanda farasi. Yeye hafanyi hivyo. Rafiki zake wanasimama nyuma ya kiti chake wakimpigia kelele.

"Yaya, walimaji wako ni wengi! Ondoa kumi tu, utie askari!"

"Niwaondoe niwapeleke wapi?"

"Ni mchezo, Yaya."

Anashindwa mara nyingi kwa sababu hiyo, na anajua. Familia yake ilitoka upande wa Eringeti mwishoni mwa 2014, mauaji yalipoanza, wakaacha shamba la kakao. Mama yake anarudi huko kila msimu wa mavuno, siku mbili tatu, analala Oicha, kisha anashuka Butembo na kilo alizopata. Kijana hakuwahi kuwaeleza wenzake kwamba mambo hayo mawili yana uhusiano. Pengine hayana. Kimkakati, wenzake ndio wenye haki: ghala likishajaa, mlimaji anakaa tu kwenye nafasi ya askari.

Sasa tuje kwenye askari wa kweli. Monusco nayo ina kikomo, na kinaandikwa kwa tarakimu ndani ya azimio la Baraza la Usalama. Tarehe 28 Machi 2013, baada ya M23 kuingia Goma mwezi wa Novemba 2012, Baraza lilipitisha azimio 2098 lililounda Brigedi ya Kuingilia Kati: vikosi vitatu vya askari wa miguu, kimoja cha mizinga, na kampuni ya askari maalumu na wapelelezi. Watu 3,069, kutoka Tanzania, Afrika Kusini na Malawi. Hapa Kivu wengi walielewa kwamba wanaongezwa askari. Azimio linasema vingine: brigedi hiyo iliingizwa ndani ya kikomo kilekile cha watu 19,815. Baraza halikupanua nyumba, lilibadilisha wapangaji. Kwa wachezaji wa Bulengera, huko ni kuondoa walinzi wa mnara ili utie wapanda farasi.

Ukitoa hao 3,069, kila askari aliyebaki alikuwa na kazi nyingine, na wengi hawakuwa na amri ya kumfuata mwasi msituni. Wahandisi wa kutengeneza barabara, madaktari, madereva, mafundi wa helikopta, walinzi wa uwanja wa ndege, walinzi wa ghala la mafuta, wote wanahesabiwa ndani. Anayepiga kelele "askari elfu kumi na tisa" anahesabu kama mgeni wa mchezo anayetazama 200 juu ya kioo na kudhani ana wapiganaji 200. Kwa vita vya waasi, brigedi ilikuwa chini ya moja ya sita. Na bado, mwishoni mwa Oktoba 2013, pamoja na FARDC, iliisukuma M23 nje ya Bunagana.

Gharama nazo zipo. Umoja wa Mataifa unailipa nchi iliyotoa askari zaidi ya dola 1,400 kwa mwezi kwa kila kichwa, na Monusco nzima imekuwa ikila karibu dola bilioni moja kwa mwaka. Nchi zinazochangia zinachoka, na kikomo kinashuka. Mwaka wa 2015 walipunguzwa askari 2,000. Azimio la Machi 2017 likasema 16,215, na mwaka huohuo vituo kadhaa vya Kivu Kaskazini vikafungwa. Wakuu wa Monusco walieleza kwamba badala ya kukaa vituoni watakuwa wakisogea pale penye hatari. Mchezaji anaelewa mara moja: nafasi zikipungua, huwezi kulinda kila kijiji, unaweka kikosi kimoja cha mbio katikati ya ramani. Ubaya wake anauelewa pia. Kikosi cha mbio kinafika baada ya moshi.

Nacho kituo kidogo kinachobaki mbali peke yake kina hatari zake. Tarehe 7 Desemba 2017 kituo cha Semuliki, kwenye barabara ya Mbau–Kamango, kilishambuliwa usiku kwa muda wa saa nyingi. Askari wa Tanzania wasiopungua 14 walikufa hapo, na wanajeshi wa FARDC waliokuwa pamoja nao. Vijana wanaoimba "Monusco waende" wasisahau majina yaliyorudishwa Dar es Salaam ndani ya masanduku.

Desemba 2019 kikomo kikawa 14,000. Mwezi mmoja kabla ya hapo, tarehe 25 Novemba, watu wa Beni walikuwa wamechoma jumba la mji na kuvamia kituo cha Monusco cha Boikene, kwa uchungu wa waliouawa mtaani kwao wakati operesheni dhidi ya ADF ikiendelea. Mwaka wa 2021 vikaletwa vikosi vya kuingilia haraka, Wakenya wakiwemo. Mwisho wa mwaka huo, 13,500. Kisha azimio 2717 la Desemba 2023: watu 11,500 kuanzia Julai 2024. Kutoka 19,815 ni pengo la watu 8,315, na katika muda huohuo M23 ilikuwa imerudi, na Kanyabayonga ikaanguka mwisho wa Juni 2024. Butembo kwenyewe hakukuwa tena na kituo; Monusco iliondoka Agosti 2022, baada ya maandamano ya Julai ambamo raia na watu wa Umoja wa Mataifa walikufa.

FARDC haina azimio la New York la kuipimia idadi. Kikomo chake ni pesa, na kwa miaka mingi kilikuwa pia wanajeshi hewa, majina yanayopokea mshahara bila mtu. Kuanzia 2005 ujumbe wa Umoja wa Ulaya, EUSEC, ulisaidia kuhesabu wanajeshi na kutenganisha njia ya mishahara na njia ya amri, ili pesa isipite mikononi mwa kamanda. Hakuna mchezo wa kompyuta uliowahi kubuni adui wa namna hiyo: nafasi imejaa, chakula kinaliwa, na kwenye ramani hakuna mtu. Tangu Mei 2021 kuna hali ya kuzingirwa, na tangu tarehe 30 Novemba 2021 jeshi la Uganda limeingia kwa operesheni Shujaa, yaani nafasi zimeazimwa kwa jirani. Hata hivyo ADF, kwa vikundi vidogo vyenye mapanga na bunduki chache, wanaendelea kulilazimisha jeshi lenye watu wengi zaidi litawanyike. Wao hawana kijiji cha kulinda.

Hapo ndipo mchezo na Beni vinaachana. Kwenye kioo, mlimaji na askari wanagombania nafasi moja. Katika teritwari ya Beni mlimaji hahesabiwi na yeyote. Hayumo katika 11,500, hayumo katika orodha ya mishahara, na ndiye anayeuawa. Kazi za askari zinapimwa kwa barabara: msafara wa magari kwenye RN4 kutoka Beni kwenda Komanda, ambao hata ukisindikizwa ulishambuliwa karibu na Ofay Septemba 2021, lori za mafuta, uwanja wa Mavivi. Shamba la kakao lililo kilomita nne ndani ya msitu haliko kwenye barabara yoyote.

Ndiyo maana wanawake wanaoshuka Oicha na kakao wana hesabu yao wenyewe. Kabla ya kwenda wanauliza sokoni doria imelala wapi, imerudi na watu wangapi, na kama wale wa jana bado wako Mbau au wamepelekwa Lubero. Wakiambiwa wamepelekwa Lubero, kakao inabaki mtini wiki hiyo.