Kikalio cha Gramafoni Darasani

Mwaka 1983 nilikuwa nikisomesha Kiswahili katika shule moja ya Chake Chake. Wanafunzi wa kidato cha tatu walikuwa wakihesabu mizani za mashairi ambayo hawajapata kuyasikia yakiimbwa, na jambo hilo halikunipendeza. Mmoja wao akaniletea kutoka kwa bibi yake santuri ya Siti binti Saad, ambaye alikwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi nyimbo zake. Santuri za zama zile, za mizunguko 78 kwa dakika, zilitengenezwa kwa lakiri, nazo huvunjika kama sahani ya kauri. Bibi alikuwa amemtuma aniambie kwamba ile haina mwenzake.

Darasa letu lilikuwa ghorofani, na sakafu yake ya mbao juu ya boriti. Siku ya kwanza mwanafunzi aliyechelewa aliingia mbio. Sindano ikaruka, ikaacha mchoro juu ya santuri. Nilimkaripia mtoto yule, ingawa aliyeiweka gramafoni katikati ya chumba, mahali boriti zinapocheza zaidi, ni mimi.

Tangu hapo santuri ilifungiwa kabatini, tukafanya majaribio kwa sahani ya maji. Mtu huruka mara moja sakafuni, wengine wakatazama viwimbi. Mimi niliamuru mto wa usumba uwekwe chini ya gramafoni, nikiamini kwamba ulaini peke yake ungetosha. Chombo kikayumba, na maji yakamwagika.

Kijana mmoja, mtoto wa mvuvi, ambaye katika mitihani hakuwa akitajwa, akasema kwamba mashua tupu huchezwa na kila wimbi, bali iliyopakiwa hutulia. Sikuwa na jibu. Tukamimina bamba la saruji, urefu sentimita 50, upana 40 na unene 5, tukalifunika magunia mabichi kwa wiki nzima. Lilikuwa na uzito wa kilo 23 hivi. Meza tukaisogeza ukutani, zinapoingia boriti, na baina ya meza na bamba tukalaza mpira wa ndani wa gurudumu la baiskeli. Ulipojazwa pumzi sana, maji yalitetemeka kama awali. Ulipojazwa nusu, yakatulia.

Mwalimu wa fizikia alitufafanulia: mzigo mzito juu ya kitu laini huwa na mwendo wa polepole, kwa hiyo mtikisiko wa haraka wa nyayo haupati nafasi ya kuufikia. Ule wa polepole hupita, na ndiyo maana bado tuliwataka watu watembee kwa taratibu. Kipaza sauti nacho tulikiweka dirishani, kwani kikiwa juu ya bamba hurudisha mtikisiko wake kwenye sindano, ukasikia mngurumo mtupu.

Somo la mizani lilichelewa wiki tatu, nami nilikaripiwa kwa hilo.

Bibi tulimkaribisha darasani, tukampa kiti karibu na meza. Alisikiliza hadi mwisho. Sindano ilipofika penye mchoro ilitoa mlio mdogo katika kila mzunguko. Akageuka kunitazama. Nikamweleza kwamba kosa ni langu, wala si la mjukuu wake.

"Nimesikia, Maalim," akasema. "Haya, igeuze upande wa pili."